Shajara ya Mradi: Kumpima Kirby, Sehemu ya 1 Hadi ya 100

Mwisho wa Aprili: kuchagua

Kikundi chetu cha kutazama anime, yaani katuni za Kijapani, kinaandaa orodha ya katuni ambazo wazazi na watoto wanaweza kuziangalia pamoja, na mimi nimechukua upande wa anime nyepesi zilizotokana na gemu. Nimeuchukua kwa moyo wote, maana ni upande unaodharauliwa. Ikija anime ya vita au ya msiba, watu hukaa kitako wakachambua rangi, muziki na uandishi. Ikija ya kuchekesha, tena yenye asili ya gemu, hukumu huisha kwa neno moja tu: ya kitoto. Mimi naamini kumchekesha mtoto wa miaka mitano na mama yake kwa wakati mmoja ni kazi ngumu kuliko kumliza mtu mzima, na kazi ngumu inastahili mzani wake.

Nimeanza na Kirby, kiduara cha pinki kutoka gemu za Nintendo. Kwa Kijapani anime hii inaitwa Hoshi no Kaabii, jina lile lile la gemu; Marekani ikapewa jina la Kirby: Right Back at Ya! Ilianza kurushwa tarehe 6 Oktoba 2001 na kituo cha CBC cha Nagoya kupitia mtandao wa TBS, Jumamosi asubuhi, ikamalizika tarehe 27 Septemba 2003. Sehemu 100 kamili. Mwongozaji mkuu ni Soji Yoshikawa, ambaye mwaka 1978 aliongoza filamu ya Lupin III ya Mystery of Mamo. Muziki ni wa Akira Miyagawa, mtoto wa Hiroshi Miyagawa aliyetunga muziki wa Space Battleship Yamato. Nayaandika majina haya mapema kwa sababu yanajibu ile dharau: kiduara cha pinki kilikabidhiwa kwa watu waliokwisha kukomaa katika fani.

Mapema Mei: kurudi kwenye gemu

Kabla ya kufungua sehemu hata moja nimeicheza upya gemu ya kwanza. Huwezi kupima kilichobebwa kama hukijui kilichokuwepo.

Ilitoka Japani tarehe 27 Aprili 1992 kwa ajili ya Game Boy, kifaa cha gemu cha mkononi cha Nintendo, kazi ya studio ya HAL Laboratory. Mbunifu wake, Masahiro Sakurai, alikuwa na miaka 19 alipombuni Kirby. Mwanzoni kile kiduara kiliwekwa kushikilia nafasi tu wakati mhusika halisi akitafutwa, kikapendwa, kikabaki. Skrini ya Game Boy haikuwa na rangi, kwa hiyo hata Nintendo kwenyewe watu hawakuwa na picha moja kichwani. Sakurai alimwona wa pinki, Shigeru Miyamoto akadhani ni wa njano, na kasha lililouzwa Marekani likamchora mweupe.

Hadithi yake inatosha kuandikwa kwenye kiganja. Mfalme Dedede amekwiba chakula cha nchi nzima, Kirby anakwenda kukirudisha. Hatua ni tano, mazungumzo hakuna, kijiji hakuna, rafiki hakuna. Anayetaka kutengeneza sehemu 100 kutokana na hayo anaanza na ghala tupu.

Ila ndani ya gemu hiyo kuna wazo, na nimelishika wazo hilo kuwa ndilo kipimo changu kikuu. Sakurai aliitengeneza kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kushika gemu. Michezo mingi ya enzi hizo ilikuwa inakuua kwa kukutumbukiza shimoni. Kirby anavuta hewa, anavimba, anapaa juu ya shimo na safari inaendelea. Asiyejua lolote anaweza kufika mwisho. Halafu, ukishamaliza, gemu inakufunulia siri: bonyeza Juu, A na Select kwa pamoja kwenye ukurasa wa kuanzia, na maadui wale wale wapole wanarudi wakiwa wakali kwelikweli. Mgeni ameingia bila kuzuiwa, na mjuzi amepewa cha kutafuna. Matabaka mawili, na hakuna lililoharibu jingine.

Mwaka 1993 gemu iliyofuata kwenye Famicom, mashine ya gemu ya nyumbani ya Nintendo, ikaongeza mambo ambayo anime itayategemea sana: Kirby akimmeza adui anachukua uwezo wake, akaingia Meta Knight mwenye barakoa, na nyuma ya yote akatokea adui aitwaye Nightmare. Gemu hiyo inafunguka kwa somo la kuchora. Chora duara, weka macho, weka tabasamu, huyo ndiye Kirby.

Mei, bado: vigezo

Wenzangu walitaka nitumie kigezo cha uaminifu: je, anime inafanana na gemu? Nimekikataa. Kufanana ni rahisi kupima, na ndiyo maana watu hukikimbilia, lakini hakisemi kitu kuhusu kazi yenyewe. Anime inaweza kunakili kila mti na kila wingu la gemu ikawa mbovu.

Nimekubaliana nao juu ya vingine. Cha kwanza ni lile wazo la matabaka mawili: asiyejua lolote anaingia, anayejua anazidi kupata. Cha pili ni utani: je, unasimama hata sauti ikizimwa? Cha tatu ni wale wahusika wapya waliotungwa ili kulijaza ghala, kama wana kazi au wamewekwa kupunguza upweke. Kuna na cha nne nimekiandika pembeni kwa penseli, marudio, kwa sababu sehemu 100 za Jumamosi asubuhi haziwezi kukwepa marudio na ni lazima yapimwe kwa haki.

Katikati ya Mei: sehemu ya kwanza

Nimeitazama sehemu hii mara kadhaa maana imebeba ramani ya zote.

Usiku kondoo wa kijiji wanatoweka, yanabaki mifupa. Wanakijiji, ambao wana miili ya mviringo na mikono mifupi, wanaingiwa na hofu. Wanaambiwa kwamba atakuja shujaa wa nyota kuwaokoa. Chombo kinaanguka kutoka angani, watu wanakikimbilia, mlango unafunguka, na anayetoka ni kiduara cha pinki kisichojua hata kusema jina lake vizuri. Kamera inabaki kwenye nyuso za wanakijiji kwa muda mrefu kidogo kuliko unavyotarajia. Hakuna anayesema kitu. Ndipo mtu unacheka, na mtoto anacheka hapo hapo, kila mmoja kwa sababu yake.

Wahusika wapya wanajitambulisha haraka. Fumu ni msichana mwenye akili na hasira ya haki. Bun ni mdogo wake asiyetulia. Baba yao ni waziri, kwa hiyo familia nzima inaishi ndani ya kasri la Dedede. Huo ni uamuzi wa uandishi ninaouheshimu sana. Mpinzani mkali kuliko wote wa mfalme anakula na kulala chini ya paa lake. Kila njama inasikika ukutani, kila ugomvi unaanzia sebuleni, na waandishi hawahitaji kutafuta kisingizio cha kuwakutanisha watu hawa.

Lololo na Lalala, ambao kwenye gemu ya 1992 ni maadui wa mwisho wa hatua ya pili, hapa ni marafiki wa watoto hao. Dedede mwenyewe sasa ana mnyama aliyemficha kasrini, pweza mla kondoo. Meta Knight yuko gizani akiangalia. Mwisho Kirby anauvuta moto wa pweza, anaumeza, anageuka Kirby wa Moto, na vita vinakwisha.

Ukiniuliza kama sehemu hii ni "aminifu", sina jibu la maana. Ukiniuliza kama mtu asiyewahi kuiona gemu ameelewa kila kitu ndani ya dakika ishirini na kitu, jibu ni ndiyo.

Mwisho wa Mei: mfalme ndiye injini

Nimefika kwenye sehemu za ishirini na kitu na hukumu moja imekwisha kukaa sawa: anayeiendesha katuni hii ni Dedede.

Kwenye gemu yeye ni pengwini mnene mwenye nyundo. Kwenye anime ni mtawala mvivu, mlafi, mwenye wivu wa kitoto, na ambaye kila anachokiona kwa wengine anakitaka yeye kwanza. Ukumbini kwake kuna mtambo. Akimchukia Kirby zaidi ya kawaida, anakaa kwenye kiti cha enzi, anabonyeza, na kwenye skrini anatokea mwuzaji wa kampuni ya Nightmare, mwenye tabasamu la kibiashara na mdomo mwepesi. Dedede anaagiza jini kama mtu anavyoagiza jiko la gesi, linashushwa pale pale, na deni linaendelea kukua. Waandishi wamemchukua Nightmare wa 1993, jinamizi la angani, wakamgeuza mwenye kampuni. Mtoto anaona majini. Mzazi anamwona mtu mwenye madaraka anayenunua silaha kwa mkopo dhidi ya raia wake mwenyewe, na anakumbuka taarifa ya habari ya jana.

Pembeni yake yupo Escargon, konokono, ambaye kwenye gemu hakuwepo kabisa. Ni mshauri, dereva wa gari la vita la mfalme, na mtu wa kupigwa nyundo pindi mambo yakiharibika. Wawili hawa wamepewa sauti na wakongwe: Dedede ni Kenichi Ogata, Profesa Agasa wa Detective Conan, na Escargon ni Naoki Tatsuta, Oolong wa Dragon Ball. Wanavyopokezana maneno ni raha tupu. Dedede anamalizia sentensi zake kwa "zoi", Escargon kwa "gesu", na hata asiyejua Kijapani anayasikia mapigo hayo kama ngoma mbili zinazojibizana. Nimerudia mazungumzo yao bila kuangalia picha, nikaona kwamba wakati wa kunyamaza umepimwa vizuri kuliko maneno yenyewe.

Mapema sana katika mfululizo kuna sehemu ambapo Dedede anagawa televisheni kijijini, anafungua kituo chake, na kukitumia kuwaaminisha watu kwamba Kirby ni mbaya. Nyingine anataka kufyeka msitu ili apate uwanja wa gofu, na mti Whispy Woods, adui wa mwisho wa hatua ya kwanza kwenye gemu ya 1992, anageuka mlinzi wa msitu tunayemwonea huruma. Nyingine analeta mbwa wa roboti, miaka michache tu baada ya Sony kuanza kumuuza Aibo mwaka 1999. Kila moja inaanza na tamaa ndogo ya mfalme. Haianzi na jini. Jini linakuja baadaye kulipia tamaa hiyo, na ndiyo sababu utani hauchoki mapema.

Mwanzo wa Juni: wapwa zangu

Kigezo cha pili kilihitaji mashahidi, basi nimewaita wapwa zangu, mmoja yuko darasa la tano na mwingine hajaanza shule. Tumeangalia toleo la Kijapani lenye maandishi ya Kiingereza chini. Mkubwa anasoma kidogo, mdogo hasomi. Mimi nikawa natafsiri papo hapo kwa sauti, kama wafanyavyo wale wa vibanda umiza.

Baada ya muda mdogo akanigeukia. "Mjomba, nyamaza kwanza."

Nikanyamaza. Ikawa Dedede yuko kwenye gari lake, Escargon kwenye usukani, wanamfukuza Kirby; Kirby anasimama ghafla kwa sababu ameona tikitimaji. Gari linampita. Mfalme anageuka nyuma kutazama, asione mbele. Mdogo alikwisha kuanza kucheka kabla ya kishindo. Hakuhitaji neno langu hata moja.

Mkubwa ndiye aliyeuliza, "Mjomba, kwa nini Kirby haongei?"

Swali hilo ndilo moyo wa tathmini nzima. Sakurai aliutaka ukimya huo. Kirby wa kwenye anime asizungumze. Anatoa sauti tu, "poyo", na sauti hiyo ni ya Makiko Ohmoto, yule yule aliyekuwa amempa Kirby sauti kwenye Super Smash Bros. ya Nintendo 64 mwaka 1999. Mhusika mkuu asiyezungumza ni mtihani mkubwa kwa mwandishi wa televisheni, na hapa wameufaulu kwa njia ninayoiona ya heshima: hawakumpa Kirby mawazo ya kusomwa na msimulizi, hawakumpa rafiki wa kumtafsiria kila pumzi. Amebaki mtoto mchanga. Anataka kula, anataka kulala, anampenda anayempenda. Mzigo wa kusema umehamia kwa Fumu, na mzigo wa kutenda maovu kwa Dedede. Kwenye gemu, Kirby ni mtupu ili mchezaji ajiingize ndani yake. Kwenye anime, utupu huo umeachiwa mtoto anayetazama.

Sehemu ilipokwisha, ukapigwa wimbo wa kufungia wa Kihon wa Maru, unaozungumzia duara kuwa ndio mwanzo wa yote, na mdogo akatafuta karatasi. Duara, macho mawili, mdomo. Ilifanana kabisa. Somo lile la kuchora la 1993 lilikuwa limemfikia mtoto ambaye hajawahi kushika gemu ya Kirby, bila mtu kumfundisha.

Kigezo cha pili: amefaulu, na amefaulu kwa alama za juu.

Katikati ya Juni: sehemu ya 49

Kama ningeambiwa nimwonyeshe mtu mzima mwenye dharau sehemu moja tu, ningemwonyesha hii.

Dedede anagundua anime. Anaamua kuwa na yake, yeye mwenyewe akiwa shujaa, na jina tayari analo: Hoshi no Dedede. Kasri linageuzwa studio, wanakijiji wanashikishwa kalamu. Mfalme anadhani katuni ni kitu cha kuagiza tu, kama anavyoagiza majini. Kumbe ni kazi ya mikono. Muda unakwisha, watu wanasinzia mezani, michoro haijakamilika, na siku ya kurusha imefika.

Kinachorushwa ni maajabu. Sura zinabadilika kutoka mchoro hadi mchoro, mistari inatetemeka, kila mchoraji amechora Dedede wake. Mafundi walioichora sehemu hii walilazimika kuchora vibaya kwa ufundi mkubwa, na inaonekana. Unacheka, halafu unaanza kufikiri. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, na hata kwa njia ya kubana ya televisheni, ambapo mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu kadhaa, sehemu moja ya nusu saa inakula maelfu ya michoro. Kila wiki. Waliokuwa wanatucheza shere kwa wanakijiji waliosinzia mezani walikuwa wanatuonyesha maisha yao, ndani ya kipindi kilekile kilichokuwa kinawakesha, Jumamosi asubuhi, mbele ya watoto.

Sehemu ya 89 inarudi kwenye mada hii kwa jicho jingine. Safari hii Dedede anapata mashabiki sugu wa anime kuwa wachoraji, na wanamfanya Fumu kuwa shujaa wa katuni ya aina wanayoipenda wao, yenye macho makubwa na mbwembwe za kichawi. Fumu anakasirika, na ana haki. Amechorwa bila kuulizwa. Ni sehemu inayozungumza na watu kama sisi wa kikundi hiki, na sikuona chuki ndani yake. Niliona watu wanaoijua fani yao hadi kwenye madoa yake.

Hapa kigezo cha kwanza kimepata jibu lililo wazi. Mdogo alicheka kwa sababu Dedede alichorwa vibaya. Mkubwa alicheka kwa sababu ameshawahi kuona katuni zilizochorwa kwa haraka. Mimi nilicheka kwa sababu naijua ratiba. Kicheko kimoja, watu watatu, na hakuna aliyehitaji kungojea mwenzake aeleweshwe. Ni Juu, A na Select ile ile, ila imewekwa kwenye hadithi.

Mwisho wa Juni: toleo la Kiingereza

Watu wengi nje ya Japani walimjua Kirby huyu kupitia toleo la 4Kids, kampuni ya Marekani, lililoanza kurushwa Marekani mwezi Septemba 2002. Nimelitazama sambamba na lile la asili kwa sehemu chache nilizozichagua, maana baadhi ya wazazi wetu watalipata hilo kwanza.

Nalipa haki yake. Ted Lewis amemsemea Dedede na Escargon wote wawili, anajibizana na nafsi yake, na Dedede amepewa lafudhi ya kusini mwa Marekani inayomkaa vizuri. Wimbo mpya wa kufungulia wenye mwendo wa jazi ni mzuri na unashika masikio. Meta Knight amepewa lafudhi ya Kihispania na Eric Stuart, nami nimeizoea.

Kinachoniuma ni pale waliposhindwa kuvumilia ukimya. Mahali ambapo Kijapani wanaacha sekunde mbili za uso wa Dedede akitafakari, Kiingereza wanatia neno, au kicheko, au mzaha wa ziada. Pigo linafika likiwa limekwisha kutangazwa. Wapwa wamecheka katika matoleo yote mawili, lakini wakati wa kucheka ulitofautiana: kwa Kijapani walitangulia kishindo, kwa Kiingereza walikifuata. Nimeandika kwenye orodha kwamba toleo la Kijapani lipewe nafasi ya kwanza hata kwa watoto wasiosoma, tena hasa hao.

Julai: madhaifu

Sitayaficha, maana tathmini isiyo na madhaifu ni tangazo.

Marudio yapo na mahali pengine yanachosha. Jini linaagizwa, Kirby anazidiwa, Fumu anaita nyota ya kumbeba Kirby kwa ukelele ule ule, Kirby anameza, anageuka, anashinda. Michoro ya kugeuka inarudi ile ile, jambo la kawaida kwa anime za wiki kwa wiki, na mtoto analisubiri kwa hamu. Mtu mzima anayeangalia sehemu nyingi kwa mfululizo atalihisi. Haki ni kukumbuka kwamba kipindi kilitengenezwa kuonwa mara moja kwa wiki. Kwa kipimo hicho marudio ni mlango wa kumkaribisha aliyekosa Jumamosi iliyopita.

Picha za kompyuta zimezeeka. Kirby na Dedede mara nyingi wametengenezwa kwa 3D huku kijiji kikichorwa kwa kawaida, jambo la kuthubutu kwa mfululizo wa televisheni mwaka 2001. Duara halina nywele wala nguo, kwa hiyo Kirby amebaki safi hata leo. Dedede mwenye joho na kofia hana bahati hiyo. Kwenye baadhi ya sehemu za mwanzo anaelea juu ya sakafu badala ya kuikanyaga.

Na Fumu. Nampenda, ila waandishi wamemtwisha mno. Kila funzo linapitia mdomoni mwake, na zipo sehemu anazohutubia wanakijiji kwa muda kuliko inavyohitajika, wakati picha imeshatuambia. Wanakijiji nao wanasahau mno. Jana wameokolewa na Kirby, leo wanamwamini Dedede. Kama tashtiti juu ya umma unaosahau, inakubalika mara tano, sita. Ikizidi hapo inakuwa njia ya mkato.

Nyundo ya Dedede juu ya Escargon imezua mjadala nyumbani. Dada yangu hakuipenda. Nimeiandika kwenye orodha kama tahadhari kwa wazazi.

Mwisho wa Julai: kufika 100

Sehemu za mwisho zinabadili mwendo. Uzito ulikwisha kuandaliwa mapema, kwa mfano pale Knuckle Joe, kijana aliyekulia kwenye chuki, anapokuja kutafuta kisasi kwa ajili ya baba yake na tunaambiwa kwamba Meta Knight ndiye aliyemuua baba huyo, aliyekuwa rafiki yake, baada ya baba huyo kugeuzwa jini. Ni jambo zito kwa katuni ya asubuhi, na limesemwa kwa sentensi chache, bila muziki wa kulazimisha machozi. Kwa hiyo Meta Knight anapofunua chombo chake cha vita, Halberd, kilichotoka kwenye gemu ya 1996, na kijiji kikapanda humo kwenda kuikabili kampuni ya Nightmare, sikuhisi kwamba nimehamishiwa katuni nyingine.

Pambano la mwisho linatokea ndotoni mwa Kirby. Nightmare ni jinamizi, na mahali pake ni usingizini. Fumu anamtumia Kirby ile nyota, na safari hii Kirby hapandi juu yake, anaimeza. Anapata Fimbo ya Nyota, silaha ile ile inayommaliza Nightmare kwenye gemu ya 1993. Shabiki wa gemu anaruka kwenye kiti. Asiyeijua gemu anaona kitu rahisi zaidi: mlafi ambaye kwa sehemu 99 amekula kila kitu, hatimaye amekula kilichokuwa kinambeba, na ulafi wake ndio umeokoa dunia. Sijapata kuona mwisho uliotoka ndani ya tabia ya mhusika namna hiyo katika anime yoyote ya gemu niliyotazama.

Malalamiko yangu ni haraka. Vita vya angani vilihitaji sehemu mbili zaidi, na nafasi hiyo ilikuwepo. Karibu na mwisho kuna sehemu za mashindano ya vyombo zilizofanana mno na Kirby Air Ride, gemu iliyotoka Japani mwezi Julai 2003. Zinafurahisha, lakini zimekaa mahali ambapo hadithi ilikuwa inaomba pumzi.

Agosti: alama na hatua inayofuata

Nimewasilisha kwa kikundi. Kigezo cha matabaka mawili, 9 kati ya 10. Utani bila sauti, 9. Wahusika wapya, 8, Escargon akiwa ameinua na hotuba za Fumu zikiwa zimeshusha. Marudio, 5. Tumekubaliana iingie kwenye orodha ya familia, toleo la Kijapani, na kwa wasio na muda wa sehemu 100 waanze na ya 1, waruke hadi ya 49, halafu wapewe za mwisho kwa mfululizo bila kukatizwa. Mwenzetu mmoja amepinga ile 5 ya marudio, anaiona kali kwa kipindi cha watoto. Nimemwomba aangalie sehemu kumi mfululizo na aandike alama yake kando ya yangu, zote mbili zitabaki.

Inayofuata mezani ni Yo-kai Watch: gemu ya Level-5 ya mwaka 2013, anime yake ya studio ya OLM iliyoanza Januari 2014. Kigezo cha pili itabidi nikiandike upya kabla ya kuanza, kwa sababu shujaa wa huko anaongea kutwa nzima na utani wake mwingi umo mdomoni. Wapwa wameshauliza tunaanza lini.